Honi Isiyotakiwa Kutazama Mtaani

Jumatatu, 4 Agosti

Leodegar karudi kutoka hospitali. Nimewaona wakimshusha kwenye bajaji, kichwa kimenyolewa, mkewe Demetria kamshika kiuno. Tangu ile ajali ya bodaboda kishindo kidogo tu kinamwamshia kifafa. Daktari kasema akae pakimya mpaka kichwa kitulie.

Pakimya! Mbagala hii! Na Jumamosi kuna harusi ukumbini kwa kaka yangu Mashaka. Ukumbi hauna paa, kichochoro tu ndicho kinautenga na dirisha la chumba chao. Zile honi nne za chuma za spika pale mlingotini zinapiga kila upande.

Demetria hakulalamika. Angelalamika ningepumua. Kaniuliza tu, kwa upole wake ule wa kikwao, kama mie fundi wa spika naweza kufanya lolote. Huyu ndiye aliyemwogesha mama yangu alipokuwa hajiwezi. Nikajikuta nasema: "Jumamosi hutasikia kitu, dada."

Nani kanituma kuahidi?

Jumanne, 5 Agosti

Karakana, Chang'ombe. Sijala. Nimeanza honi mbili za plaiwudi za kuchukua nafasi ya zile za chuma, mdomo mpana kama meza ya kulia. Revelian, seremala wa mlango wa pili, kanicheka. Kama nataka sauti isitawanyike, si niufanye mdomo mwembamba?

Kila mtu anadhani hivyo. Sivyo! Mdomo mdogo, sauti ikichungulia tu inamwagika pembeni kama maji ya ndoo iliyopinduka. Mdomo mpana ndio unaishika mkono na kuipeleka mbele. Nimemweleza mpaka kaitikia, nadhani ili ninyamaze.

Ninachokiogopa ni besi. Besi haina adabu. Honi ya ukubwa huu haiiwezi, itapita tu ukutani. Lazima Mashaka aipunguze. Atakataa. Nitamwambia tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Imekubali! Alhamdulillahi, imekubali!

Tumezifunga juu ya jukwaa, mgongo upande wa mtaani kwa kina Demetria, midomo kwa wageni, na ng'ambo ya wageni ni ukuta wa godauni. Nimeziinamisha kidogo. Mafundi wengi wanazifunga zikitazama mbinguni, eti sauti ifike mbali. Mie sitaki ifike mbali.

Nikawasha ile kelele ya majaribio, shhhh, kama mvua kwenye bati. Mbele unaziba masikio. Pembeni inafifia. Nikavuka kichochoro mpaka uani kwa Demetria — kuku walikuwa wanasikika kuliko spika. Leodegar kalala, anakoroma. Demetria kanishika mikono yote miwili. Nikalia pale pale kwenye kamba ya nguo. Mjinga mie.

Ijumaa, 8 Agosti

Mashaka kakubali kupunguza besi. Kakubali haraka mno. Simwamini.

Gundi itashika? Boliti nimekaza? Nimekaza. Nimerudi kuzikagua, zimekaza. Kesho ipite tu, ee Mola.

Jumamosi, 9 Agosti

Mchana ulianza vizuri. Watu wanacheza, huko nje kimya. Nikaanza kupumua.

Basi Bi Mwanabaraka, shangazi wa bibi harusi, katoka kupokea wageni, karudi kanuna. Sherehe gani hii, ukiwa mtaani unadhani watu wamezika? Kesho majirani watasema mtoto wameozesha kwa kujificha, ana kasoro. Nikampa shikamoo ya pili, nikamweleza kuna mgonjwa. Akasema Mungu amponye, lakini honi moja ielekee mtaani. Moja tu. Nikakataa. Akaenda kwa Mashaka.

Mashaka hakunitazama usoni. Akasema geuzeni moja, bibi harusi anaingia sasa hivi, akishakaa irudishwe.

Wakapanda wanaume watatu wa upande wa bibi harusi. Wakaishika mdomoni! Pale ubao ulipo mwembamba! Wanaivuta kama ng'ombe mkaidi. Nikasikia plaiwudi inalia. Nikawapigia kelele washuke, wataivunja. Nikapanda. Nikalegeza boliti, nikaigeuza mwenyewe. Taratibu, isipate hata mkwaruzo. Mdomo wote ukatazama dirisha la Demetria.

Na nisijidanganye humu. Wimbo ulipoanza sikukimbilia kwake. Nilitoka getini, nikasimama kichochoroni, nikasikiliza. Safi! Kila neno, kila pumzi ya mwimbaji, yote imekusanywa kwenda pale pale. Zile za chuma zisingeweza kamwe. Niliona fahari, astaghfirullah.

Halafu nikasikia Demetria ananiita, anaita jina langu, na muziki unammeza.

Jumapili, 10 Agosti

Niko kwenye benchi nje ya wodi. Leodegar alianguka kutoka kitandani jana, kifafa kikamrudia njiani na hapa tena. Alfajiri kafumbua macho. Anamwita Demetria "mama". Hamjui mkewe.

Mashaka alifika na machungwa, kampa Demetria pole, kanong'ona naye, kaondoka. Kupita kwangu kaniambia tu kwamba Bi Mwanabaraka anashukuru, na wapo wengine wenye harusi Jumamosi ijayo wanataka honi ikae vile vile. Nikamjibu sawa. Nimesema sawa! Nilitaka aondoke, ndiyo nikasema.

Kisha Demetria akaja kuniketia ubavuni. Akanimenyea chungwa. Mie wa kumenyewa chungwa!

Akasema, "Kaka yako ameniambia upepo uliigeuza ile honi. Ni kweli, dada Hija?"

Upepo! Kitu cha kubebwa na wanaume wanne, na boliti nimekaza mwenyewe. Naye siyo mjinga, ni mwalimu. Aliuliza kama mtu anayeomba iwe kweli. Kabla sijafungua kinywa nesi akamwita akamlishe mumewe uji. Mkoba wake kaniachia nimshikie.

Nikisema ndiyo, atanishukuru tena kwa kujitahidi. Sitaweza kuvumilia. Nikisema hapana, namvua nguo kaka yangu. Na ataniuliza: kama si upepo, ni nani?

Chungwa limenigandia vidoleni. Sijalila.

Mlango wa wodi unafunguka. Ni yeye. Bakuli bado limejaa.