Wanasema Nakukondesha

Mama,

Hali yako siwezi kuiuliza. Yangu ni ya uchovu, na uchovu wenyewe si wa cherehani, maana cherehani nimeizoea. Nimechoka kuwaeleza watu habari za mwili wangu.

Hujui yaliyotokea baada ya kukuzika. Siku ya arobaini, pale kijijini kwetu Kitaya, wazee walinirithisha jina lako kama desturi yetu ilivyo. Mama mdogo Asha ndiye aliyenishika mkono akanikalisha mkekani mbele ya watu, akasema, "Dada yetu huyu hapa, hajaenda popote." Hakuna aliyebisha. Nilikuwa mnene kama wewe, nikikaa naegemea mkono mmoja kama wewe, nikiinuka nahema kama wewe. Tangu siku ile Zuhura hayupo, mimi ni Somoe. Watoto wa kaka wananiita bibi, na mama mdogo, aliyeniogesha nikiwa mchanga, akawa ananiamkia shikamoo. Mara ya kwanza nilicheka. Halafu nikalia, kwa sababu aliitoa kwa moyo, na hakuwa anaitoa kwangu.

Sasa sikiliza. Miezi michache baadaye kichwa kikawa kinaniuma, nikiinama kuokota pini naona giza. Nikaenda zahanati. Presha, Mama. Ile ile iliyokuangusha shambani wakati wa kuokota korosho, ukawa hunyanyui mkono wala husemi, mpaka ukaondoka. Nesi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliniuliza mama yangu alikufa kwa nini. Nilipomjibu akasema nianze dawa na nipunguze mwili, taratibu.

Hiyo taratibu sikuisikia. Nikaacha kula, nikawa nakunywa maji ya moto na limau, mpaka siku moja nikaanguka juu ya gauni la bibi harusi wa watu. Nesi alinigomba: "Nilikwambia upungue, sikukwambia ufe njaa." Basi nikajifunza kula upya kama mtoto. Ugali wa muhogo kidogo, kisamvu kingi, samaki wa kuchoma, chai bila sukari. Hiyo chai mpaka leo naimeza huku nimekunja uso. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, sikuacha, na nesi mwenyewe alisema kidogo si vibaya. Asubuhi natoka hapa mjini, Rahaleo, natembea hadi Shangani na kurudi, kabla wateja hawajaja.

Mwili ukapungua polepole, maneno yakaongezeka haraka. "Umekwisha." "Mumeo anakutesa?" Wateja ninaowapima viuno wananipima mimi kwa macho. Wapo walionong'ona kwamba nina ule ugonjwa. Hayo yote niliyabeba. La mama mdogo ndilo lililonivunja.

Ilikuwa kwenye hitima yako ya mwaka. Nilijipakulia kidogo, akaninyang'anya sahani, akaijaza wali na nyama, akaniwekea mbele ya wanawake wote. "Somoe hali hivyo," alisema. "Tulikupa dada yetu mnene, mzima, wewe unamkondesha. Ukimmaliza, sisi tutamwona wapi?"

Nilikula. Nilikula mpaka sahani ikawa nyeupe, huku wao wanafurahi, na mama mdogo akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Niliporudi mjini presha ilikuwa imepanda. Nikalala kutwa nzima nikiwaza: nikipungua nakuua mara ya pili, nisipopungua nakufuata. Na hakuna wa kumuuliza, maana wa kuulizwa ungekuwa wewe.

Nilipopata nafuu nilifunga mlango wa duka, nikavua nguo, nikasimama mbele ya kioo kirefu cha wateja. Nilikuwa nadhani nikipungua atatoka binti mwembamba, kama wale ambao wateja wananionyesha kwenye simu wakisema, "Nishonee kama huyu." Hakutoka. Tumbo limelegea kama mfuko uliopungua unga. Mikono ya juu inacheza. Mapaja ni yako. Vifundo vya miguu, vile vinene ambavyo usichanani nilikuwa navificha kwa kuvutavuta gauni hadi unanikemea, ni vyako vilevile. Nilivitazama, nikaona hata nguvu ya kuvichukia sina tena. Nikavaa, nikafungua duka.

Mwezi uliopita nesi alisema presha imetulia, na mwili hapa ulipofika panatosha, nisiutafute wa mtu mwingine. Kwa hiyo mimi ni mnene bado, Mama, mnene wa kadiri. Nikipanda ngazi sihemi.

Mama mdogo shikamoo ameacha. Ananiita mwanangu, kwa upole unaouma kuliko matusi. Juzi nilikwenda nikaketi naye jikoni, tukachambua kisamvu, nikamwambia, "Dada yako hakufa kwa kukonda." Aliendelea kuchambua, ila machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi nikaendelea kuchambua naye. Sijui kama amenielewa. Sina haraka naye tena.

Wewe nataka unielewe. Uliondoka mvi zikiwa chache za kuhesabika. Mkongojo hukuushika. Hukupata kukaa barazani uzeeni ukagombeza watu bila sababu, na ulivyopenda kugombeza. Jina lako ninalo, na silitui. Pumzika, Mama, Mungu akupe nafasi huko uliko. Dawa nitameza, chakula nitapima, barabara nitaitembea hata siku ambazo miguu inakataa. Safari hii Somoe atazeeka.