Mkufunzi wa Meza ya Minofu

Mirongo, Mwanza
4 Machi 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, na maumivu ya goti yamepungua.

Katika mwezi wangu wa tatu tu kazini, menejimenti imenikabidhi jukumu la kuandaa mpango wa kukuza vipaji vya wafanyakazi wa kiwanda hiki cha samaki. Nakusudia kila mwenye uwezo atambuliwe na kuwekwa mahali panapomstahili. Kwa kuwa uliisimamia meza ya minofu hapa miaka kumi na tisa, naomba unieleze kwa ukweli: nani anafaa kuwafundisha wenzake?

Binti yako mtiifu,
Selina

Nansio
15 Machi 2024

Mwanangu Selina,

Marahaba. Goti linanisumbua asubuhi tu. Mama yako anauliza kama unakula.

Mwalimu ni Malimi. Karibu wote pale mezani amewafundisha yeye, hata mimi. Nakwambia wewe kwa kuwa ni mwanangu: macho yake yameingia ukungu, huu mwaka wa nne. Anafuata mfupa kwa kidole gumba, na sangara wake hutoka safi kuliko wa wenye macho. Tulimweka mwisho wa meza, wakubwa wasijue. Mpe vijana awafundishe.

Baba yako,
Revocatus

Mirongo, Mwanza
20 Mei 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Poleni na mvua za huko.

Mpango umepitishwa. Nilipendekeza Mzee Malimi awe mkufunzi, nikaeleza na hali ya macho yake, kwani pendekezo lisilo na ushahidi halina uzito. Jina lako sikulitaja. Meneja alisema mbele ya kikao kwamba hajawahi kusoma taarifa iliyochimba kiasi kile, na nimethibitishwa kazini.

Ukufunzi umeahirishwa hadi bajeti ijayo. Kuhusu macho, uongozi umeona ni hatari kumwachia kisu, hivyo mkataba wake ulisitishwa Ijumaa. Nilieleza kwamba hoja zile mbili zilikuwa za jambo moja. Nikajibiwa kwamba zote zimepokelewa.

Sasa wanahitaji taarifa kama hiyo kuhusu idara ya ufungashaji. Je, unawafahamu wa huko?

Binti yako,
Selina

Mirongo, Mwanza
11 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Je, mnaumwa?

Binti yako,
Selina

Nansio
2 Septemba 2024

Selina,

Marahaba. Hatuumwi.

Malimi amerudi huku kisiwani, anakaa kwa dada yake Dorotea. Jana aliletwa hapa akishikwa mkono, akaniomba nimwandikie barua. Haya ni maneno yake:

“Mwanangu Selina, hujambo? Kuna mtu amenichongea ofisini, simjui. Bahati yangu wewe uko humo humo, la sivyo ningesema hatuna mtu. Niombee kwa wakubwa. Waambie wanifunge kitambaa machoni, wanipe sangara na kisu, halafu tucheke wote.”

Nimeandika kama alivyosema, nikamsomea. Akauliza mbona mimi rafiki yake sijaongeza neno la kumwombea.

Nikamwambia karatasi imejaa.

Baba yako