Soya Iliyomfaa Nyamusi

Ndanai, 9 Februari 2025

Kwa binti yangu Chepkurui,

Chamgei. Habari ya Nairobi na kazi? Baba yako hajambo, mvua bado. Mimi ndiye si mzima. Tangu hedhi ikome, joto linanipanda kama nimewashiwa moto kifuani. Krismasi lilinishika katikati ya wimbo, nikatoka mbio kanisani, nguo imelowa. Kwaya nimeacha.

Soya uliyoniambia nakunywa asubuhi na jioni. Ninachopata ni gesi tu. Jirani Nyamusi, yule Msabato asiyekula nyama tangu utoto, anakunywa hiyo hiyo, duka moja, na analala fofofo. Kwa nini yeye na si mimi? Wewe ndiye ulisomea mambo ya chakula.

Mama yako


Nairobi, 16 Machi 2025

Chamgei Mama,

Pole sana, na samahani nimekawia. Salamu kwa Baba.

Ndani ya soya kuna kitu ambacho bakteria wa tumboni hukigeuza kiwe karibu na homoni ya mwanamke. Lakini si kila tumbo lina bakteria hao. Kwa wengine soya inapita tu. Utafiti fulani uliona wasiokula nyama wanao mara nyingi zaidi, ingawa si wote, na wataalamu bado wanabishana. Labda Nyamusi anao.

Mwone daktari, Mama. Pasaka nitakuja twende pamoja.

Binti yako


Ndanai, 27 Aprili 2025

Chepkurui,

Natumaini u mzima, maana hukuja wala hukupiga simu. Kitanda nilikutandikia.

Nyama niliacha siku ile niliposoma barua yako. Kwa koito, sherehe ya posa ya binamu yako Kipkurui, wakwe walinipa sahani, nikasema sili. Mama wa msichana akauliza, "Mmetudharau?" Tulipofika nyumbani baba yako akasema, "Umetuaibisha kwa sababu ya tumbo la Nyamusi!"

Na joto liko pale pale. Sasa niache nini tena? Maziwa?

Mama yako


Nairobi, 4 Mei 2025

Mama,

Pole kwa yaliyokupata. Lakini mimi sikusema uache nyama! Kuiacha wiki chache si ahadi kwamba bakteria hao watakuja. Hata Nyamusi, pengine joto lake lingeisha bila soya. Nimechoka kulaumiwa kwa neno nisilosema.

Pasaka nilinyimwa ruhusa kazini, nikaona haya kukuambia. Ijumaa ya tarehe kumi na sita nitakuwa Kaplong, langoni kwa hospitali, asubuhi.

Binti yako


Ndanai, 18 Mei 2025

Chepkurui,

Hatujambo. Mvua imeshika, chai inachipuka.

Nilikungoja langoni mpaka viatu vikajaa maji. Ujumbe wako kwamba umekwama kazini ulifika nikiwa tayari ndani. Nyamusi alikuwa amenisindikiza, akaacha chai yake bila kuchumwa.

Daktari alinisikiliza. Alisema soya inafaa wengine na wengine haiwafai, si kosa langu, nile nyama yangu kwa amani. Kuna dawa za joto hili, akanipima pressure kwanza, akanipa. Kisha akauliza, "Umekuja na nani wako?" Nyamusi akajibu, "Na mimi."

Maelezo yako yalikuwa kweli yote. Usinitumie mengine. Siku ukipata nafasi, njoo tu, bila kuniahidi.

Mama yako