Mlinzi Aliyeikamata Sauti Yangu

Ofisi ya Wafuga Nyuki,
Magamba, Mpanda.
14 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Emerensiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Naanza na hali yako kabla ya mengine yote. Macho yanaendeleaje? Na sukari je? Nimesikia kwamba joto la Mtwara limepungua kidogo na kwamba umeanza tena kula bila kubembelezwa. Habari hiyo ilitufurahisha sana hapa nyumbani.

Sisi ni wazima. Mama anakohoa kwa sababu ya vumbi la kiangazi, lakini bado anakwenda shambani na kurudi akiimba, kwa hiyo hatumwiti mgonjwa. Baba anasema dada yake akija Krismasi atamchinjia mbuzi. Mbuzi mwenyewe bado hajaonekana.

Uliomba nikuandikie kwa sababu maneno ya simu yanakupotea. Nimeweka herufi kubwa kadiri karatasi ilivyokubali, ujaribu kusoma mwenyewe kwanza kabla ya kumwita mjukuu wako Providence.

Uliniuliza ile kompyuta uliyonunuliwa iwekewe antivairasi ipi, ambayo haitagombana na programu ya kukusomea skrini. Jibu ninalo. Ila nililipata kwa hofu kubwa, kwa hiyo nivumilie nikueleze yote.

Kazi yangu unaijua. Naandika barua za chama, mihtasari ya vikao na uzito wa asali ya kila mwanachama. Mimi sioni kabisa, lakini sauti ya kompyuta hunisomea kila herufi ninayobonyeza. Kwa kuwa skrini haina faida kwangu, tangu nilipoajiriwa waya wake huchomolewa, na kwenye soketi ile wanachama huchaji simu. Umeme wetu ni wa sola. Mtu aliyetoka Mwese kwa pikipiki na ndoo mbili za asali, simu imezima, utamnyimaje? Hata nilijivunia kidogo kuwa karani asiyekula umeme wa skrini.

Mwezi uliopita mwanachama mmoja alileta flashi yenye picha za mizinga yake. Kesho yake mafaili ya chama yakawa hayafunguki. Nashukuru nilikuwa na nakala pembeni. Lakini mwenyekiti wetu, Mzee Hilari, alishtuka sana. Akamleta fundi kutoka mjini, akatuwekea antivairasi na kwenda zake.

Asubuhi iliyofuata nikawasha mashine. Kimya. Nikabonyeza kila kitufe ninachokijua. Kimya. Shangazi, wewe bado unaona kidogo, kwa hiyo sijui nikuelezeje. Ni kama mtu mliyekuwa mnaongea naye mezani ameondoka bila kiti kulia. Nilidhani nimeiharibu mwenyewe, nikaogopa hata kuita mtu.

Monika, mpimaji wetu wa asali, ndiye aliyenigundua.

"Wee Respi, mbona umekaa kama bwana harusi aliyekimbiwa? Mashine imekununia?"

"Haiongei, dada Monika."

"Ngoja niitazame usoni basi." Akachomoa simu za watu, akachomeka skrini, akaanza kucheka. "Kumbe kuna swali hapa! Linasema kuna programu inasikiliza kila kitufe unachobonyeza, limeizuia, linauliza iruhusiwe au hapana. Imeuliza mpaka imechoka, nyie mnachaji simu tu!"

Nami nikaelewa. Ni kweli, sauti yangu husikiliza kila kitufe ninachobonyeza, maana hiyo ndiyo kazi yake. Mlinzi mgeni, ile antivairasi ya fundi, aliikuta ndani, akadhani ni jasusi, akaikamata. Akauliza swali lake kwenye kioo kilichozimwa, mbele ya mtu asiyeona.

Monika akabonyeza kuruhusu na sauti ikarudi. Lakini kila tulipozima na kuwasha ikakamatwa tena. Nikijaribu kuingia kwa mlinzi mwenyewe nimweleze, sauti ilisoma "kitufe, kitufe, kitufe", bila kusema kitufe cha nini. Aliyeitengeneza hakuvipa majina. Mwenye macho anaona picha. Mimi nilikuwa kwenye korido ya milango isiyoandikwa kitu.

Mzee Hilari hakunigombeza, na hilo liliniogopesha zaidi. Alivuta kiti akakaa karibu.

"Mwanangu, nikiiondoa, virusi vinarudi. Nikiiacha, wewe huandiki. Jasho la watu liko humo ndani. Pale mlangoni tunahitaji mtu wa kupokea ndoo. Kamati itakaa Alhamisi, tutaamua."

Kupokea ndoo si aibu. Lakini nilikumbuka nilivyosoma, na wewe ulivyonisafirisha kwenda shule nikiwa nimeshika upindo wa kitenge chako, nikamwomba aniache nitafute hadi siku hiyo.

Monika akanigawia bando lake na kunisaidia kuiondoa ile ya fundi. Antivairasi ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa na vitufe vyenye majina, ila kila mara ilirusha matangazo ya kununua, na tangazo likija sauti yangu iliacha sentensi katikati ikaanza kusoma bei. Nikaiondoa. Na hapo, kabla sijaweka nyingine, sauti ikasema yenyewe kwamba ulinzi wa kompyuta umewashwa. Nilishtuka. Kumbe mashine ilizaliwa na mlinzi wake; flashi ilimpita kwa kuwa hatukuwahi kumsasisha, kisha akakaa pembeni kwa sababu tumeleta wageni! Nikaingia kwake, nikamsasisha. Kila kitufe kilijitaja jina. Nilizunguka nyumba nzima kwa masikio, mlango kwa mlango.

Alhamisi kamati ikajaa ofisini. Mzee Hilari alikuwa ametunza ile flashi mbaya kwenye kopo la nta. Akaichomeka mwenyewe.

"Skrini tuwashe?" Monika akauliza.

"Aa, simu za watu ziko pale. Tumsikie."

Nikafungua flashi. Kisha sauti, kwa Kiingereza chake cha lafudhi ya Kiswahili, ikasema imekuta kitu cha hatari, ikakitaja jina, ikataja kilipo. Nikaifuata kwa vitufe, nikaamuru kiondolewe. Ikasema kimeondolewa. Nje nilisikia nyuki waliofuata ndoo, na ndani watu wazima wamekaa kimya mbele ya kioo cheusi, kama tunavyonyamaza kanisani kengele ikilia.

"Imesema nini?" Mzee Hilari akanong'ona.

Nikamweleza.

"Na wewe umeijibu?"

"Nimeijibu, Mzee."

"Basi huyu mlinzi anajua kubisha hodi," akasema. "Respicius abaki hapo hapo. Ndoo atapokea mwingine."

Kwa hiyo, Shangazi, anza na mlinzi aliyekuja na kompyuta yenyewe, na umsasishe mara kwa mara. Siku za mwanzo Providence akae karibu skrini ikiwa inawaka, maana maswali mengine huja kimyakimya. Na mtu yeyote akitaka kukuuzia nyingine, mwambie azime skrini kwanza, ndipo akuonyeshe inavyofanya kazi.

Bado naogopa. Kila asubuhi, kabla sauti haijatoka, nahesabu sekunde. Siku hizi kila Ijumaa namwomba Monika achomeke skrini aniangalie kama kuna swali lililojificha, naye hunitania kwamba anakwenda kumtazama mgonjwa. Siku nyingine zote soketi tumewarudishia wanachama. Hata sasa ninapokuandikia skrini imezimwa, na simu za watu wa Mwese zinajaa taratibu.

Nisalimie Providence na jirani yako mama Doto. Baba, Mama na mdogo wangu Upendo wanakusalimu sana. Mungu akutunzie mwanga uliobaki, na siku ukipungua akupe sauti njema ya kukusomea.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,

Respicius