Gia Kumi na Nane

Jumamosi, 13 Agosti 1994

Shikamoo moja imenipotezea siku nzima.

Wiki ya pili hii tangu nihamishiwe Lushoto kufundisha, nikaona leo nizijue njia za kuelekea Mlola kwa baiskeli yangu ya mtumba. Kupanda, niliikokota karibu njia yote. Kina mama wenye matenga ya kabichi kichwani walinipita wakinipa pole.

Kushuka nikaiachia. Kwenye kona akatokea mzee na mkongojo wake. Huku mtu hushuka baiskelini kumwamkia mkubwa, najua, lakini mteremko ule nilikuwa nimeuhangaikia asubuhi nzima! Nikapaza sauti, "Shikamoo mzee!" nikapita.

Nilipofika sokoni, muuza viazi alishapata habari.

"Mwalimu, umempita baba wa mwenye nyumba wako, hata marahaba hukungoja?"

Sijui habari ilipita wapi; mwenye magurudumu nilikuwa mimi. Na kesho nilitaka kumwomba mwenye nyumba chumba cha pili, mke wangu na mtoto waje.

Nikageuza. Nikausukuma mlima uleule upya.

Mzee alikuwa palepale, ameketi juu ya jiwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaikagua baiskeli taratibu. "Ina gia ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na hakuna hata moja ya kusimama?"

Nimeshuka mlima mzima kwa miguu, baiskeli mkononi, nikimsalimia kila niliyekutana naye. Mbuzi tu ndio sikuwaamkia.