Saruji ya Kitambi na Magunia Yangu

Nyumbani, mtaa wa karakana,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Futi,

Salamu tele kama mchanga unaouchekecha huko. Hujambo? Mgongo umepona, au bado unatembea kama mtu aliyedondosha sindano? Shemeji na watoto wazima? Sisi wazima, na mimi nazidi kupendeza, waulize majirani.

Nimesikia umemwandikia binamu Kitambi, unamuuliza kama uache kazi huko uje na mafundi wako wote, eti huku majengo yapo? Kitambi! Mimi nafagia ofisi ya wachora ramani za majengo mwaka wa ishirini na sita huu, halafu wewe unamuuliza muuza saruji! Alikuja mwenyewe anajipepea na barua yako. "Kaka mkubwa, mdogo wako ananiamini mimi." Nikamwambia, "Jipepee vizuri, maana hilo jasho si la kazi."

Ni kweli, saruji inatoka dukani kwake. Lakini hiyo ni ya shule na ghala vilivyochorwa mwaka jana, na vipande vya karatasi za ramani hizo nilivizoa mimi. Nyumba ya mtu ya kulala inaweza kuanza hata kwa kamba na vigingi. Hospitali, maofisi, maduka makubwa, hayo lazima yapite kwanza mezani kwetu, na mpaka shimo la msingi lichimbwe, karibu mwaka mzima umepita. Kitambi anauona mkia tu. Kichwa kilipita kwangu zamani!

Mwaka jana nilikuwa natoa magunia matatu ya makaratasi kwa wiki. Sasa moja, nalo halijai. Wachoraji walikuwa tisa, wamebaki wanne, na mmoja wao anashinda akinichora mimi, tena ananitia masikio kama ungo. Benchi la wateja kazi yangu ni kulipangusa vumbi.

Najua Kitambi atakukumbusha ule mwaka nilipowaita mafundi wa mtaa mzima kwa sababu ya magunia kumi, kumbe mkubwa wetu alikuwa anahama, anatupa ramani za zamani. Haya, nilikosea. Siku hizi nafungua gunia kwanza, naangalia karatasi ni mpya au imepauka.

Basi usije. Ukija sasa utakuta shule na ghala vinapakwa rangi, wewe na mafundi wako mbaki kutazamana. Utasema kaka ana wivu kwa kuwa Kitambi amekuandalia chumba chenye feni. Wivu ninao, tena wa kumwaga, mpaka mke wangu amechoka kuusikia. Miaka sita sijakutia machoni, Futi. Ningekuwa mtu wa kukudanganya, ningekuambia njoo kesho, ufikie kwangu.

Benchi likianza kukaliwa, nitakuandikia siku hiyohiyo. Mimi, si yeye.

Msalimie shemeji, shangazi, na yule binti yako mwenye mapengo. Mungu akunyooshee mgongo na asikunyime kazi hapo ulipo.

Wako akupendaye kuliko muuza saruji yeyote,
Kaka yako, Mzee wa Fagio.