Kozi wa Ghorofa ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Agosti
Tangi nusu. Pampu inalia vibaya, kama wiki jana. Kozi jike, yule ndege mwindaji, yuko palepale, ukingoni nyuma ya tangi, juu ya kokoto tupu. Ndege huyu hajengi kiota. Leo kanyanyuka kidogo, nikaona watoto watatu, weupe kama pamba. Nimesimama hadi nikasahau geti ninalolinda. Kwenye kitabu cha zamu nimeandika: "Saa 1:10 asubuhi. Paa. Ndege wakubwa wawili, watoto watatu. Hali zao njema." Miaka ishirini na sita ya polisi: ulichokiona, andika.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwona dume akiwinda. Juu sana, nukta tu angani mwa soko la Kikuubo, hapa Kampala. Njiwa wakapita chini yake. Akakunja mabawa akaanguka. Nasema akaanguka, sina neno jingine. Manyoya hewani, basi. Chini watu wanapakia sukari, hakuna aliyeinua kichwa. Nilijikuta nimechuchumaa nyuma ya tangi. Helikopta za vita nilizoziona Gulu utotoni hazikunifanya hivi.

Furaha, mama Mkongo anayefagia ngazi, hajashangaa. "Afande, ile ndege inamaliza njiwa yote. Miye niko nafagia manyoya tu."

Jumatatu, 11 Agosti
Nimejichongea. Meneja husoma kitabu cha zamu kila Jumatatu. Kasoma ukurasa wangu, kaniita. Anadhani ni kaloli, wale korongo wakubwa wa jalalani. Nimemweleza si kaloli, ni kozi. Hataki mifupa kwenye maji ya wapangaji. Waondoke kufikia Ijumaa. "Afande, ufunguo unao wewe. Gunia moja linatosha."

Asingejua kama nisingeandika. Wengine huponzwa na mdomo. Mimi kalamu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemwambia mke wangu. Yeye bado polisi, nyumba hii ya Naguru ni ya kazi yake. Amesema amri ni amri. "Baba Opiyo, ukifukuzwa utakwenda kulala na hao ndege?" Nimecheka. Sikulala vizuri.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimepanda na gunia. Sikuona jike alikotokea. Kofia ikaruka, damu ikanishuka sikioni. Kisha jike akatua mbele ya watoto, mabawa kayatandaza, akanitazama. Macho meusi, hayapepesi. Nimewahi kutazamwa hivyo na mama mmoja tu, mlangoni kwake, siku ya operesheni ya kuhamisha watu. Siku ile nilitii amri.

Leo nimekunja gunia. Nimefunika tangi kwa turubai, nikalifunga kwa kamba pande zote. Mfupa hauingii hata ukitaka. Nimeshuka nikaandika: "Paa. Ndege wameondolewa."

Uongo wangu wa kwanza kitabuni. Naona aibu. Ningeandika tena.

Jumamosi, 23 Agosti
Manyoya meusi yanachomoza kwenye ule weupe. Wanakula njiwa wawili kwa siku. Wananipigia kelele, mama yao hanishambulii tena. Sijui kama ni heshima au kanidharau.

Jumatatu, 1 Septemba
Meneja kaniuliza getini kovu la kichwani ni la nini. Nimesema bati. Kisha akasema Jumatano ijayo, tarehe kumi, saa nne, atapanda mwenyewe na fundi wa pampu. Atawaona, mimi nitafukuzwa na wao watatiwa guniani. Siku tisa.

Wanapiga mabawa ukingoni. Hawaruki.

Jumamosi, 6 Septemba
Mmoja ameruka! Alitua paa la jirani, akateleza, akajishika. Nimepiga makofi peke yangu.

Jumatatu, 8 Septemba
Wa pili. Amebaki mdogo. Yule anakula tu.

Jumanne, 9 Septemba
Bado. Nimemsihi kwa Kiacholi. Mzee mzima.

Jumatano, 10 Septemba
Nilifika saa kumi na mbili, kabla ya kila mtu. Mama kaja na njiwa kuchani, akampitia mtoto usoni, hakutua. Akazunguka. Tena. Mara ya sita. Mtoto analia kwa njaa, mama hatui. Nilimwona mkatili. Saa mbili. Saa tatu. Nikasikia lifti, nikadhani ndio meneja na fundi. Alikuwa Furaha. Tukasimama wote wawili. Mama akapita mara nyingine, chini zaidi, na mtoto akaachia ukingo.

Alizama. Ghorofa nne, tano. Kisha upepo ukampokea. Furaha alinishika mkono. Mimi nililia.

Meneja alifika na fundi saa nne na dakika chache. Akaona kokoto na manyoya. Akasema turubai ni wazo zuri.

Alhamisi, 11 Septemba
Tangi limejaa. Pampu haina kelele. Ukingo mtupu. Nimeokota unyoya mmoja, nimeuweka humu daftarini mwangu.

Kitabuni nimeandika: "Paa. Hakuna ndege." Ni kweli, na imeniuma kuliko ule uongo. Kisha nikarudi getini.